Marahaba ya Bafuni

Kondakta wa daladala niliyopanda asubuhi ya leo, kijana ambaye ukimtazama kidevu unaona kabisa kuwa yeye na wembe bado hawajatambulishwa, alipokea nauli yangu, akanikazia macho usoni, kisha akaniuliza mbele ya abiria wote kama paka niliyepigana naye amelazwa wapi. Watu walicheka. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya samaki alicheka hadi ndoo ikatikisika, na maji ya samaki yakanimwagikia kiatuni. Sikujibu kitu, kwa sababu mtu aliyegandisha vipande vitano vya karatasi ya chooni tayani hana mahali pa kuanzia.

Hii ni wiki ya pili tangu nianze kujifunza kujinyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa kizamani wenye bapa refu na mpini wa pembe. Nilikuwa na kinyozi wangu kama mtu mwingine yeyote mwenye heshima zake, lakini umeme wetu tabia zake mnazijua, na siku ulipokatika nilikuwa nimekwisha kunyolewa shavu la kulia tu, nikalazimika kwenda msibani hivyo hivyo, waliokaa kulia kwangu wakimwona kijana na waliokaa kushoto wakimwona babu yake. Halafu kuna vipele. Ndevu zetu hizi za kujipinda zikikatwa fupi mno hugeuka na kurudi ndani ya ngozi kama mwanafunzi aliyesahau daftari, na nilikuwa nimechoka kulipia vipele kwa bei ambayo kila mwezi inapanda.

Sandukuni mwa marehemu babu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge huko Tanga, nilikuta wembe uliochorwa jina la Solingen, mji wa Ujerumani ambao mafundi wake wamefua visu na panga kwa karne nyingi. Nilijiona mrithi. Sikujiuliza kwa nini babu mwenyewe aliufungia sandukuni, wala sikukumbuka kwamba Mmarekani King Camp Gillette alipopata hataza ya wembe wake wa salama mwaka 1904, wanaume wengi wenye akili walishusha pumzi na kuachana na shughuli hii. Mnoa visu apitaye na baiskeli alitaka kuuweka kwenye jiwe lake la cheche, nikamnyang'anya. Aliyenisaidia ni seremala mmoja mstaafu, ambaye aliunoa kwa jiwe laini la maji kwa muda unaotosha kuivisha maharage.

Nilidhani baada ya kunolewa kazi imekwisha. Kumbe kila asubuhi wembe huu unataka kupitishwa kwenye ukanda wa ngozi mara 40 hivi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Siku ya kwanza nilitanguliza makali, na mkanda wangu wa suruali, ambao ndio pekee nilio nao, ukachanika karibu na pale penye matundu. Tangu siku hiyo natembea mkono mmoja ukiwa mfukoni, na ofisini wanadhani nimeanza maringo.

Sasa tuje bafuni. Nyumba yetu ina vyumba sita, kila chumba kina familia, na bafu ni moja. Sina haja ya kueleza zaidi. Niliingia alfajiri na ndoo yangu ya maji ya moto, nikakitundika kioo kwenye msumari, nikajipaka povu hadi nikafanana na mtu aliyetumbukiza uso kwenye mbege. Wembe hulazwa kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi: ukiulaza zaidi unang'oa nywele, ukiusimamisha zaidi unamkata mwenye nywele. Ngozi huvutwa ikaze, na wembe hushuka kwa kufuata zinakoelekea ndevu, mikato mifupi mifupi, bila kukandamiza. Shavu la kulia lilikwenda vizuri mno. Nilisikia ule mkwaruzo mdogo, kama panya anayekula karatasi kwa adabu, nikajiona mwanamume wa aina yake. La kushoto ndilo lililoniletea utata, kwa maana mafundi wa mambo haya wanashauri litumiwe mkono wa kushoto, mkono ambao tangu utotoni nimechapwa nisiutumie hata kupokelea karanga, na leo ndio nikabidhiwe shingo yangu.

Nilikuwa nimefika chini ya koromeo, kichwa nimekiinua, pumzi nimeibana, niliposikia nje ya mlango sauti nyembamba ya mtoto wa chumba cha tatu.

"Shikamoo, Baba Neema."

Ndugu zangu, nawaomba mtamke neno "marahaba" polepole huku mmeshika taya. Lina irabu "a" nne, na kila moja inafungua kinywa upya, kisha ile "b" inakuja kukifunga ghafla kama mlango wa daladala. Hakuna neno katika lugha yetu lisilofaa zaidi kwa mtu mwenye wembe kooni. Wakati huo huo, mtu mzima asiyeitikia shikamoo hana pa kujificha. Kufika saa nne mtaa mzima ungekuwa umekwisha kujua kwamba Baba Neema siku hizi anajisikia. Nikachagua njia ya kati, nikasema, "Mmmh."

Mtoto yule amelelewa vizuri mno, na ndiyo hasara yake. Alichukulia kwamba sikusikia, akapaza sauti, "SHIKAMOO, BABA NEEMA!" Nikasema "Mmmh" ndefu zaidi. Mdogo wake akafika, akaamkia. Wa chumba cha tano akafika na ndoo, naye akaamkia, maana watoto wakiona mwenzao anaamkia hawataki kubaki nyuma. Kisha ikaja sauti ya Mama Shukuru, ambaye ana gari la kuwahi na haamini kwamba mwanamume anaweza kukaa bafuni zaidi ya dakika nne akiwa mzima: "Jamani, Baba Neema anaguna tu humo ndani, hebu mtazameni, isije ikawa presha!" Wakaanza kuusukuma mlango, na komeo la mlango ule ni msumari uliopindwa.

Nikaitika. Nilisema "Marahaba, wanangu!" kwa sauti yote ya ubaba niliyo nayo, na kwa kila "a" wembe ukaweka alama yake, moja, mbili, tatu, nne, ya tano ilitokana na Mama Shukuru kuufungua mlango.

Mama Neema alinisugua kwa shabu, ile ile anayotulizia maji yetu ya kisima, na kwa uso wake hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. "Kinyozi hajinyoi," akasema. Nikamjibu kwamba mimi si kinyozi. "Ndiyo maana," akasema, akaenda zake. Nikaukausha wembe na kuupaka mafuta ya nazi, kwa sababu unyevu wa pwani hii unaulisha kutu kabla hujamaliza kujifuta damu.

Lakini hivi kweli, mtoto anauamkia mlango? Nani amefundisha hivyo? Na mwenye nyumba, aliyeahidi bafu la pili tangu Neema hajaota meno, na sasa Neema anaingia darasa la nne, kodi anaipandisha kwa hesabu gani, ya vyumba au ya ndoo zinazosubiri foleni? Na kwa kuwa tumefika hapo, ni nani aliyechomoa balbu ya bafuni? Tulichanga shilingi 500 kila chumba, nami nilimpa Mama Shukuru mkononi, tena kwa mkono wa kulia, na nimekuwa nikijinyoa kwa mwanga wa simu niliyoisimamisha kwenye kopo la sabuni, simu ambayo leo, wakati mlango unafunguka, ilitumbukia ndooni.