Wiki ya Mtumba

Mimi nimekulia Kariakoo. Nalisema mapema ili ujue kwamba mtu wa kuniuzia kitu nisichokitaka alikuwa hajazaliwa. Na kama alishazaliwa, basi alizaliwa Orlando.

Tulitoka Houston kwenda huko Orlando, jimbo la Florida, kwa gari, karibu kilomita 1,500, mimi, mama watoto, na watoto watatu waliokuwa wakiuliza "tumefika?" tangu Louisiana. Kufika hotelini, hata funguo sijapewa, dada mmoja aliyekaa kwenye kimeza pembeni akaniita kwa tabasamu. Tiketi za bustani za michezo mnazo? Hatukuwa nazo. Tiketi ya mtu mmoja kwa siku moja inapita dola 100, nasi tulikuwa watano. Akasema atanipa mbili karibu na bure, ila kuna kajisharti: kesho asubuhi niende na mke wangu tukanywe chai mahali fulani na kusikiliza maelezo ya dakika 90. Mke asikose. Nikauliza hiyo chai ina nini.

"Mayai, soseji, kila kitu."

Kwenye lifti mama watoto akasema, "Hawa kuna kitu wanauza."

"Wauze. Mimi nakula mayai."

Mayai hayakuwepo. Kulikuwa na donati na kahawa ya kwenye birika la plastiki. Kijana aliyepangiwa sisi alituchangamkia kama ndugu aliyepotea miaka mingi, akautaja Kilimanjaro kabla hatujakaa. Akauliza kwa mwaka tunatumia kiasi gani kwenda mapumziko. Sikujua, maana mapumziko yangu ni kutuma pesa nyumbani. Akatuhesabia yeye: hoteli mara siku saba mara miaka ishirini, bei zikipanda, akapata namba kubwa kuliko mkopo wa nyumba yangu. Akaipigia mistari miwili chini. Kisha akatupeleka kuona chumba. Vyumba viwili vya kulala, jiko, mashine ya kufulia, na kitandani taulo limekunjwa likawa bata. Lile bata ndilo lililonimaliza.

Kilichokuwa kinauzwa kinaitwa taimushea. Hununui nyumba. Unanunua wiki yako moja katika nyumba, kila mwaka, maisha yako yote, na hati unapewa. Wiki zilizobaki ni za wenzako.

Bei: dola 38,000.

Nikacheka kile kicheko cha Kariakoo, nikainuka kama naondoka. Wenyewe mnajua, unaondoka ili uitwe. Nikaitwa. Akaja mkubwa wake, 29,000. Nikainuka tena. Akaja mkubwa wa mkubwa, mwenye saa kubwa na sauti ndogo, akaandika 21,900 kwenye karatasi na kuigeuza polepole kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Bei ya leo tu, tukitoka mlangoni haipo. Mama watoto alikuwa ameinuka kweli. Mimi nilikuwa natania, yeye hakuwa anatania, na huo ndio ulikuwa msiba wa asubuhi ile.

Nikasaini. Kianzio dola 2,190 kwa kadi, iliyobaki mkopo wa miaka kumi kwa riba ya asilimia 16, halafu ada ya matunzo dola 1,140 kila mwaka, uende usiende. Ikagongwa kengele, ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikapunga mkono. Niliamini wananipongeza kwa kuwashusha bei.

Jioni nikaandika kwenye kundi la ukoo: "Mungu ni mwema. Tumepata nyumba Florida."

Heri ningenyamaza. Shangazi wa Tanga akauliza kama kuna chumba cha chini, magoti yanamsumbua. Mjomba akasema anaanza kufuatilia viza. Binamu yangu mmoja, ambaye hajanisalimu tangu msiba wa babu, akaandika "kaka mkubwa" mara tatu. Na mama akapiga simu, kule kwao ni usiku wa manane.

"Ina vyumba vingapi, baba?"

"Viwili, mama."

"Alhamdulillahi. Mmeshahamia?"

"Hapana, tunakaa wiki moja kwa mwaka."

"Na hizo wiki nyingine anakaa nani? Wapangaji?"

"Wenye nyumba wenzangu."

"Wangapi?"

"Kila mtu na wiki yake… kama hamsini hivi."

Kimya. Nilidhani salio limekwisha.

"Mwanangu," akasema, "nyumba ya babu yenu Magomeni warithi ni tisa tu, na mpaka leo hatujaelewana nani apake rangi choo. Wewe umekwenda Marekani kununua ugomvi wa watu hamsini?"

Nikamwambia hajui mambo ya huku.

Siku ya tatu niko kwenye bwawa, maji kifuani, najisikia mwenyeji. Pembeni yangu mzee mmoja wa Kimarekani, kofia ya nyasi kichwani, anaelea kama boga. Tukaanza mazungumzo. Nikamdokeza kwamba mimi si mgeni hapa, mimi ni mmiliki. Akasema na yeye pia, vyumba viwili, jengo lile lile. Nikamuuliza kiungwana, kama muungwana anavyomuuliza mwenzake, alilipa kiasi gani.

"Dola moja."

Nikadhani ni utani wa wazee. Akakausha mkono, akachukua simu, akafungua eBay. Zilijaa! Hoteli hii hii, bata huyu huyu wa taulo, dola moja, dola moja, dola tano, dola moja, na wauzaji wengine wanakuahidi kukulipia gharama za kuhamisha hati ilimradi uchukue. Nikauliza yeye ada ya matunzo analipa ngapi. 1,140. Sawasawa na mimi. Wote wawili tulikuwa tunaelea kwenye maji yale yale kwa ada ile ile, tofauti yetu ni ile 21,900.

Akanitazama kwa huruma. "Ulisaini lini?"

"Juzi."

Ndipo akaniambia kwamba sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kughairi, bila kutoa sababu, na kwamba imeandikwa ndani ya mkataba wangu mwenyewe. Nilitoka majini bila kuaga. Mkataba ulikuwa kwenye begi zuri tulilopewa zawadi, na begi lilikuwa na mwanangu wa mwisho, amelijaza mchanga na mjusi mmoja. Kurasa nilizipata, zina unyevu ila zinasomeka. Barua nikaiandika kwa mkono, mama watoto akainukuu upya kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unatetemeka, tukaipeleka posta kwa rejista na risiti. Kianzio kilirudi chote.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini lile neno "dola moja" liliniingia kama malaria. Usiku najigeuza kitandani Houston nafikiri: kumbe kitu chenyewe hakikuwa kibaya, kosa langu nilinunua dukani, kikiwa na lebo. Maisha yangu yote nimevaa mitumba, shati la harusi yangu lilikuwa grade one ya Karume. Kwa nini wiki iwe mpya? Nikaingia mtandaoni, nikachagua, nikashinda mnada. Dola moja, na hakuna mtu aliyeshindana nami, jambo ambalo Kariakoo lingenishtua.

Gharama za kuandika na kuhamisha hati zikafika kama dola 500. Halafu nikaambiwa tusubiri kidogo, kwa kuwa kampuni ya hoteli ina haki ya kwanza: ikitaka, inaweza kuichukua wiki ile yenyewe kwa bei ile ile niliyotoa. Siku kadhaa sikulala vizuri nikihofia wataninyang'anya. Wakajibu hawaitaki. Nikashangilia! Watu waliotaka kuniuzia kwa 38,000 wamepewa kwa shilingi elfu mbili na ushee wakasema hapana asante, na mimi niko jikoni nacheza.

Mama nilipomsimulia, aliuliza swali moja tu. "Aliyekupa kwa dola moja, alikuwa anakimbia nini?"

Hati ikaja, ina muhuri. Mama watoto akaisoma akiwa amesimama.

"Wiki ya 37 ni lini?"

Mzee wa bwawani, kumbe, yake ilikuwa ya Desemba. Mimi sikuangalia namba, nilikuwa natazama bei. Tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole. Wiki ya pili ya Septemba. Shule za Houston zinafunguliwa Agosti. Na katikati ya Septemba, kama kuna asiyejua, ndipo msimu wa vimbunga vya Atlantiki unapokuwa umechachamaa kabisa. Nimemiliki, kihalali na milele, wiki ambayo watoto wako darasani na upepo uko njiani.

Nikajaribu kuibadilisha na wiki ya mtu mwingine kwa kampuni za kubadilishana. Unalipa kujiunga, unalipa kubadilisha, na Orlando ya Septemba iko tele, hakuna anayeilia. Nikairudisha kwenye kundi la ukoo: bure, anayeitaka achukue, alipe ada tu. Wale wale wa viza na magoti. Tiki za bluu zikajipanga kumi na tisa. Binamu "kaka mkubwa" akatoka kwenye kundi.

Basi Septemba tukaenda wawili, watoto tukamwachia shemeji. Mawingu meusi, bwawa limefungwa. Dada wa mapokezi akatupa funguo na kutuelekeza meza ya pembeni tukachukue kibandiko cha kuegesha gari. Pale kwenye ile meza kulikuwa na kijana mwenye tabasamu. Ameona kwenye kompyuta kwamba wiki yetu tuliinunua kwa mtu, si kwao, kwa hiyo kuna faida nyingi tunazikosa. Kesho asubuhi wana kikao kifupi cha wamiliki. Dakika 90. Chai ipo.

Mama watoto alikuwa ameshanishika mkono juu ya kiwiko, anabana.

"Mayai yapo?" nikauliza.