Jibu la Otomatiki Haliwezi Kukaimu Nafasi Yako

Msimu wa likizo unapokaribia, watumishi wa ofisi huandika ujumbe mfupi ambao huenda ukasomwa na watu wengi kuliko ripoti yoyote waliyoiandaa mwaka mzima, na wengi wao huuandika dakika za mwisho, kompyuta ikiwa karibu kuzimwa. Nazungumzia jibu la otomatiki, lile ambalo seva ya barua pepe humrudishia kila anayekuandikia wakati haupo kazini. Maoni yangu ni kwamba ubovu wa majibu mengi ya aina hii hautokani na uhaba wa ufundi wa kuandika. Unatokana na ukweli kwamba mwandishi wake hakumkabidhi mtu yeyote kazi kabla ya kuondoka, na sasa anaitegemea mashine imfichie pengo hilo kwa maneno ya adabu.

Chukua ujumbe huu, ambao bila shaka msomaji ameshaupokea kwa namna moja au nyingine: “Asante kwa barua pepe yako. Kwa sasa nipo nje ya ofisi na sitaweza kusoma barua pepe zangu mara kwa mara. Nitakujibu mapema iwezekanavyo. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.” Lugha yake ni safi na heshima ipo. Sasa usome kwa macho ya mzabuni anayesubiri ankara yake iidhinishwe kabla ya Alhamisi. Hajui “kwa sasa” inaishia lini. Hajui kama kusoma kusiko kwa mara kwa mara kunamaanisha kesho jioni au wiki ijayo, wala hajui kama kuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Sentensi zote nne zimepita na hakuna hata moja inayomwezesha kuamua afanye nini, na kwa hiyo atafanya lile ambalo kila mtu hulifanya akikosa pa kushika, yaani atakupigia simu ukiwa likizoni.

Linganisha na huu: “Hili ni jibu la otomatiki. Nipo likizo, na siku yangu ya kwanza kurudi kazini ni Jumatatu, 18 Agosti. Ankara na hati za malipo zitumwe kwenye anwani ya pamoja ya dawati la malipo, ambalo lina mamlaka ya kuziidhinisha. Masuala ya mikataba mipya yatasubiri, nami nitayashughulikia katika wiki nitakayorejea.” Mwandishi ametaja siku ya kurudi kazini badala ya kusema kwamba hayupo hadi tarehe 15, kwa sababu anayesoma “hadi tarehe 15” hawezi kujua kama siku hiyo yenyewe imehesabiwa ndani au nje, na tarehe 15 ikiangukia Ijumaa atasubiri jibu siku ambayo halitakuja. Ametenganisha pia kazi inayoendelea na kazi itakayosubiri, na hapo ndipo penye uzito wote wa ujumbe.

Hata hivyo, sentensi kama ile ya dawati la malipo haiandikiki na mtu ambaye hajazungumza na dawati la malipo. Ili jina la mwenzako au anwani ya idara iingie kwenye jibu lako kwa haki, ni lazima mwenzako awe amekubali, awe na mafaili, na awe na ruhusa ya kufanya maamuzi ambayo kwa kawaida huyafanya wewe. Masharti haya yanaonekana ya kawaida mno hata mtu akaona haya kuyataja, lakini ndiyo yanayokiukwa kila siku. Mara ngapi mfanyakazi amegundua kwamba anakaimu nafasi ya mwenzake kwa kuambiwa na mteja asiyemfahamu? Anapokea barua pepe inayoanza na maneno “nimeelekezwa kwako”, anaifungua, anakuta suala lina historia ya miezi kadhaa, na hana hata ukurasa mmoja wa maelezo. Atakachofanya ni kumjibu mteja kwamba analifuatilia, kisha atamtumia ujumbe yule aliye likizo kumuuliza suala lenyewe linahusu nini. Mteja ameandika mara mbili, mwenzako amepoteza asubuhi nzima, na likizo yako imekatika.

Mbaya zaidi ni pale anayetajwa naye anapokuwa hayupo. Nimewahi kufuata mlolongo wa namna hii katika ofisi moja ambayo sitaitaja: jibu la kwanza lilinielekeza kwa mtu wa pili, jibu la otomatiki la mtu wa pili likanielekeza kwa wa tatu, na wa tatu akanirudisha kwa yule niliyeanza naye. Hakuna hata mmoja wao aliyekosea tahajia. Kila ujumbe, ukiusoma peke yake, ulikuwa wa kupigiwa mfano. Kilichokosekana ni kikao cha robo saa ambacho mkuu wa idara angeketi na watu wake, ratiba ya likizo ikiwa mezani, na kuuliza ni nani atakuwepo wiki ipi.

Kwa sababu hiyo napendelea anwani ya pamoja kuliko jina la mtu, pale ofisi inapokuwa nayo. Mtu huugua, husafiri, huhama idara. Anwani inayosomwa na watu watatu haiugui. Lakini iwe kweli inasomwa, maana zipo anwani za idara ambazo hakuna anayekumbuka nywila yake.

Itatokea pia kwamba hakuna wa kukabidhiwa. Ofisi ndogo ziko nyingi, na fani nyingine zina mtu mmoja tu anayezijua. Ushauri wangu hapo ni kuliandika hilo bila kulizungusha: katika kipindi hiki maombi ya aina fulani hayatashughulikiwa, na yatapokelewa tena kuanzia siku fulani kwa mfuatano yalivyoingia. Watu wengi huogopa sentensi hiyo kwa kudhani kwamba inaiaibisha taasisi. Mimi naona inamheshimu mwombaji, kwa kuwa inampa nafasi ya kupanga mambo yake, kutafuta njia nyingine au kutulia akijua zamu yake ipo. Ahadi ya “mapema iwezekanavyo” haimpi nafasi hiyo.

Nikiingia kwenye hoja yenye ubishi, napinga ile kauli ya kwamba utakuwa “unachungulia” barua pepe mara mojamoja. Mwenye kuiandika hudhani anaonyesha kujituma, kumbe anawaambia watu wote kwamba mlango haujafungwa, na kila anayesoma ataamini suala lake ndilo litakalochunguliwa. Nchi kadhaa zimeliona tatizo hili kiasi cha kulitungia sheria. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutoshikwa na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Australia nayo, kuanzia tarehe 26 Agosti 2024, ilimpa mfanyakazi haki ya kukataa kusoma au kujibu mawasiliano hayo, isipokuwa pale ambapo kukataa kwake si kwa busara. Naziunga mkono sheria hizi, ila sidhani kwamba zinagusa kiini. Mtu hafungui barua pepe akiwa likizoni kwa kukosa haki ya kutofungua. Hufungua kwa sababu anajua kwamba asipofungua yeye, hakuna mwingine atakayefungua.

Aliyekwenda mbali kuliko wote, kwa ninavyofahamu, ni kampuni ya magari ya Daimler ya Ujerumani, ambayo habari zake zilienea mwaka 2014. Mfanyakazi aliyekuwa likizo aliweza kuchagua mfumo ambao ulifuta kila barua pepe iliyoingia, huku ukimjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umefutwa, na kumpa anwani ya mtu wa kuwasiliana naye au kumwomba aandike tena baadaye. Utaratibu huo haufai kila mahali. Sitaki mwanasheria au mganga afute asichokisoma. Lakini ulikuwa na faida moja ambayo majibu yetu ya kawaida hayana, nayo ni kwamba haukuwezekana bila mbadala wa kweli. Ukishafuta barua ya mteja, ni lazima yule unayemwelekeza kwake awepo na afanye kazi.

Kuna suala la usalama, ambalo wengi hulipita. Mtu akibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, jirani mwenye busara humwambia kwamba mwenyeji hayupo, atarudi siku fulani, na kama kuna haraka aende kwa fulani. Hamwambii kwamba nyumba nzima imesafiri kwa wiki mbili na ufunguo uko chini ya chungu. Jibu la otomatiki humfikia yeyote, akiwemo tapeli anayetuma maelfu ya barua ili aone ni zipi zitakazojibiwa. Akijua kwamba mkurugenzi wa fedha yuko safarini nje ya nchi hadi tarehe fulani, na kwamba msaidizi wake ni huyu mwenye namba hii ya simu, ameshapata karibu kila kitu anachohitaji ili ajifanye mkurugenzi huyo na kumwandikia msaidizi aharakishe malipo. Kwa bahati nzuri, programu ya barua pepe ya Outlook inaruhusu kuandika jibu moja kwa watu wa ndani ya taasisi na jingine kwa wa nje, na hata kuwajibu wa nje walio kwenye orodha ya anwani zako peke yao. Majina na namba za simu yabaki kwenye jibu la ndani. La nje linatosha kuwa na siku ya kurudi na anwani ya pamoja, na sababu ya kutokuwepo kwako haina umuhimu kwa yeyote.

Inafaa pia kujua mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana ina tabia ambazo huathiri unachopaswa kuandika. Katika miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu ndogo ya kompyuta zinazoendeshwa na mfumo wa Unix, iliyoitwa vacation, ambayo kwa kawaida haikumjibu mtu yule yule zaidi ya mara moja kwa wiki. Kizuizi hicho kilikuwa na sababu nzito: mashine mbili zikijibizana bila kikomo, kila moja ikiiarifu nyingine kwamba mwenyewe hayupo, zinaweza kujaza visanduku vyote viwili usiku mmoja. Mwezi Agosti 2004 ulitolewa waraka wa RFC 3834, mmoja wa nyaraka za kiufundi za mtandao wa intaneti, uliopendekeza kwamba majibu ya namna hii yawekewe alama ya kuyatambulisha, yasijibu ujumbe uliotumwa na mashine nyingine, na yasirudiwe kwa mtu mmoja ndani ya siku chache. Hadi leo Gmail humjibu tena mtu yule yule ikiwa tu ameandika baada ya siku 4, na Outlook humjibu mara moja katika kipindi chote. Maana yake ni kwamba aliyekuandikia siku ya kwanza, kisha akakuandikia tena siku ya kumi, huenda asipate chochote safari ya pili na akadhani umesharudi. Una nafasi moja ya kumweleza kila kitu.

Kuhusu salamu sina mengi. Mashine haijui kama aliyeandika ni mkubwa wako wa kumwamkia au ni kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, kwa hiyo “Ndugu” inatosha, au usisalimu kabisa. Uzito uwekwe kwenye sentensi ya kwanza, itangaze kwamba hili ni jibu la otomatiki, na itangaze kwa lugha ambayo mtumaji anaielewa. Mwaka 2008 huko Swansea, Wales, maofisa wa halmashauri walituma kwa barua pepe maneno ya kibao cha barabarani cha kuyazuia malori makubwa, ili yatafsiriwe kwa lugha ya Kiwelishi. Wakapata jibu kwa Kiwelishi, wakalipeleka kuchapwa, na kibao kikasimikwa. Chini ya maneno ya Kiingereza kibao kilisomeka, kwa wanaojua Kiwelishi, kwamba mtafsiri hayupo ofisini kwa wakati huo na kazi yoyote ya kutafsiri itumwe. Watu wamewacheka sana maofisa wale. Mimi naona lawama wanagawana na aliyeandika jibu la lugha moja, huku akijua kwamba wanaomwandikia wanamhitaji kwa sababu hawaijui lugha hiyo. Anayewasiliana na watu wa lugha mbili aandike kwa lugha mbili, ile ya wengi ikitangulia.

Yote haya yanahusu safari iliyopangwa. Ugonjwa na msiba havina taarifa, na mtu aliyelazwa hospitalini hapaswi kuombwa nywila yake ili jibu liwekwe. Mtaalamu wa mifumo anaweza kuliweka kwa maelekezo ya mkuu wa idara, na maneno yake yaseme tu kwamba mhusika hayupo na kazi zake ziko kwa nani, bila kutaja maradhi wala hali ya familia. Tarehe ya kurudi isipojulikana, isibuniwe. Yaandikwe maelekezo ya sasa, na mkuu wa idara ayapitie kila wiki.

Kwa aliye na nafasi ya kujiandaa, jibu liwekwe mchana wa siku ya mwisho ya kazi, wakati wenzake bado wapo. Jitumie barua kutoka anwani yako binafsi, usome kinachorudi, kisha ufuate maelekezo yako mwenyewe: andika kwenye anwani uliyoitaja, na uone kama kuna atakayejibu kabla hujafunga ofisi.