Soketi inakuangalia: tumezaliwa hivi au tumejifunza?

Liangalie gari kwa mbele, taa mbili ndo macho, grili ndo mdomo, na mengine yanaonekana yamenuna kabisa. Soketi ya ukutani nayo ina macho na kamdomo kama imeshtuka. Unajua fika ni plastiki ila sura ukishaiona haitoki tena. Sasa hii hali tumezaliwa nayo au tumeipata kwa kuishi na watu?

Wanaosema tumezaliwa nayo wana hoja nzito. Mtoto aliyezaliwa leo hii ukimpitishia mchoro wa madoa mawili juu na moja chini anaufuata kwa macho kuliko madoa yaleyale yakiwa yamevurugwa, na huyo watu amewaona wangapi jamani? Nyani aina ya rhesus nao walipimwa, matokeo yakatoka 2017, wakawa wanazikodolea zaidi picha za vitu vyenye "sura" na macho yao yanatua palepale penye macho na mdomo. Maelezo ya hao wanaosema tumezaliwa nayo ni kwamba kudhani jiwe ni adui hakukugharimu kitu, kudhani adui ni jiwe unakufa, kwa hiyo ubongo umezoea kuwahi, na kweli ndani ya sekunde 0.2 hivi unakuwa umeshaitikia.

Sawa, ila mi naona hiyo ya adui inabebeshwa mzigo usio wake. Inaeleza kwa nini tunaona sura, haielezi kwa nini tunaona sura ya nani. Kuna utafiti wa 2022, watu zaidi ya 3,800 walionyeshwa sura za kwenye vitu, wengi wakasema ni za kiume, kikombe kina uume gani sasa? Watoto wadogo wakapimwa baadaye nao wakasema hivyohivyo, na hapo upande wa kwanza wanashangilia, eti unaona? Lakini mtoto wa miaka 5 keshaangalia katuni za kutosha ambazo kila kitu kinachoongea ni "yeye mwanaume" mpaka kithibitishwe vingine.

Ile sura iliyoonekana kwenye sayari ya Mars ni hivyohivyo. 1976 chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha eneo la huko liitwalo Cydonia, picha ikaonekana kama uso wa mtu, NASA wenyewe, shirika la anga la Marekani, wakasema ni mwanga na kivuli tu, watu wakang'ang'ania kuna viumbe wamejenga, hadi chombo kingine, Mars Global Surveyor, kilipoleta picha safi 2001 ikawa kilima cha kawaida, na wapo ambao bado hawajakubali. Macho yalifanya kazi yao, habari ya wajenzi ilitoka kwingine.

Kwa hiyo mi nagawa: kushtukia sura tumezaliwa nako, kuipa jinsia, hasira na nia tumefundishwa. Na hata hilo la kwanza lisikuzwe sana, maana kamera ya simu nayo kuna siku inaweka kiboksi cha uso kwenye ukuta mtupu, na hiyo programu haijawahi kukimbizwa na mnyama yeyote, imelishwa picha za watu basi.