Ukiiangusha, Umeinunua

Mtu mzima akisema anataka pikipiki hapa Nakuru huulizwa swali moja tu: ya bodaboda ama ya kubebea maziwa? Mimi nilijibu kwamba yangu ni ya kwenda Kikopey kula nyama choma Jumamosi. Mke wangu akaweka mwiko chini, akampigia kaka yake simu.

Shemeji huyo ni mwendesha bodaboda. Ana Boxer yake na steji yake Free Area, na kitu chochote chenye magurudumu mawili ana neno la kukisemea. Alitumwa aje anizuie. Aliposikia kwamba Kikopey tutakwenda wawili na nyama ni juu yangu, alihamia upande wangu kabla chai haijapoa.

Nilichokitaka ni zile pikipiki za kukalia chini. Kiti kiko karibu na lami, usukani umerudi hadi kifuani, miguu imetangulia mbele kama ya mzee aliyeketi barazani, na injini ni ya silinda mbili zilizoachana kama herufi V. Wenye kuzijua huziita kruza. Vijana wa steji huziita zote Harley, hata ile iliyoandikwa Yamaha kwenye tangi kwa herufi kubwa.

Tulianza na Bajaj Avenger 220 ya jamaa mmoja wa mtaa wa Shabab, hapa hapa Nakuru. Shemeji aliipenda papo hapo. "Hii ni ndugu ya Boxer," akasema, na hakukosea, maana kampuni inayoziunda ni moja. Silinda moja, uzito wa wastani, inageuka barabarani bila kukuuliza maswali. Niliizungusha mtaani nikairudisha salama. Lakini nilipita mbele ya nyumba tatu, na hakuna hata mtu mmoja aliyefunua pazia. Pikipiki ya Kikopey lazima ifunulishe watu mapazia. Nikamshukuru jamaa, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa Yamaha Virago 250. Hiyo sasa ina silinda mbili za V, ingawa ndogo, na haifiki kilo 150 bila mafuta, kwa hiyo hata mtu mfupi anaiongoza akiwa mjini. Nikiwa peke yangu juu yake nilijiona waziri. Kisha shemeji akapanda nyuma. Shemeji ni mrefu, na ugali hula wa watu wawili. Shokabzoba za kruza ni fupi, ndiyo sababu kiti kinakuwa chini, sasa ukiongeza mtu kama huyo nyuma zinaishia pale pale. Na mitaa yetu unaijua: gari likimkosakosa mtoto leo, kesho wenyeji wamejijengea tuta la mawe na udongo linalofika magotini. Tulipanda moja. Gurudumu la mbele likapita, halafu chini ya matako yetu pakatoka sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko. Tuliporudi, mwenye pikipiki alikuwa langoni, amejishika kichwa. Sauti ilimfikia.

"Hii hatuitaki," shemeji akamwambia kwa ukali, "inagonga chini."

Ya tatu ilikuwa London. Usishtuke, ni London yetu ya hapa Nakuru, upande wa kuelekea Menengai. Nauli yake hata mwanafunzi anaimudu. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu mwenye kofia ya sufu, na pikipiki alikuwa ameifunika shuka la maua. Alilifunua polepole, akalikunja mara nne, akaliweka begani. Ilikuwa DragStar 650, nyeusi, yenye nikeli ya kujitazamia ukinyoa ndevu. Nikajua nimekwisha.

Shemeji alichuchumaa upande wa gurudumu la nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainuka na uso wa msiba.

"Mzee, umeibiwa cheni."

Mzee alimwangalia kwa muda. "Hii haina cheni, kijana. Inaendeshwa na shafti, kama lori. Hakuna kukaza, hakuna kupaka grisi kila wiki." Kisha akanigeukia mimi, maana aliona mwenye pesa ni nani. Akanieleza kwamba ina uzito wa zaidi ya kilo 200, kabureta ni mbili, breki ya nyuma ni ya dramu. Akanionyesha foku ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu, ilivyolala, gurudumu likawa mbali na mwili. "Ndiyo maana kwenye barabara kubwa inanyooka yenyewe, unaweza kushika usukani kwa vidole viwili. Lakini ukienda polepole na kukata kona, gurudumu hili linataka kuangukia upande unaokata. Mwendo ukiwepo, inajibeba. Mwendo ukiisha, unaibeba wewe."

Nikamwambia hayo nayajua. Nimeyasoma.

"Sawa," akasema. "Hapa kupima ni bure. Ila ukiiangusha, umeinunua."

Tuliondoka, shemeji nyuma. Ndugu msomaji, mapazia yalifunuliwa. Kuku walihama barabara. Ile injini hailii, inaguna, na mguno wenyewe unausikia kwenye meno. Gia ya pili, gia ya tatu, kilima kidogo tukakipanda kama hakipo, na mtoto mmoja akapiga saluti. Raha hiyo iliendelea mpaka barabara ilipoishia kwenye uzio wa mtu, na ikabidi tugeuze.

Kugeuza kruza mahali pembamba kuna utaratibu wake, na niliufuata. Unatazama kule unakotaka kwenda, si chini. Klachi unaiachia nusu. Breki ya nyuma unaigusa kidogo ili pikipiki itulie, na ya mbele huigusi kabisa. Nikakata kulia. Kutoka gurudumu hadi gurudumu hii ina zaidi ya mita moja na nusu, na kibarabara kile kilichorwa na mtu aliyekuwa na baiskeli. Tulipofika ukingoni kwenye kokoto tulikuwa tumegeuka nusu tu. Nikautuma mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma.

Mguu wangu umefunzwa kwa Boxer ya shemeji, ambapo pedali iko chini yako. Kwenye DragStar iko mbele huko. Nikakanyaga hewa. Nikakanyaga tena, hewa. Mkono kuona mguu hauna habari ukaamua kusaidia, ukabana breki ya mbele, usukani ukiwa umekunjwa wote.

Pikipiki ikasimama. Kisha ikaanza kulala, bila haraka, kwa adabu. Nilipata nafasi ya kuona kibanda cha mandazi upande wa pili, mama akiwa ameinua kijiko, na vijana wa boda wakigeuka mmoja mmoja. Nikasema, "Shemeji, shikilia!"

Shemeji akashusha miguu yake yote miwili, akasimama.

Basi. Alisimama tu, kama abiria aliyefika. Kwa urefu wake na jinsi pikipiki ilivyo chini, alibaki wima, miguu imeachana, mikono kiunoni, na DragStar ikatoka katikati ya mapaja yake ikaenda kulala na mimi.

"Pole baba," mama wa mandazi akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa: "Jamani zimeni hiyo kitu, mafuta yanamwagika karibu na jiko langu!"

Nikazima. Vijana wakaja, kila mmoja na mbinu yake. Mmoja alitaka kamba. Mwingine alitaka tuivute kwa mkia. Wa tatu alikuwa anarekodi. Ndipo mzee akafika, shuka begani, akaitazama pikipiki kwanza, akaizunguka, ndipo akaniuliza mimi kama nimeumia. Akatushikisha adabu: stendi ya upande wa kushoto ishushwe kabla ya kuinua, isije ikapita ikaangukia upande wa pili, gia iingizwe, halafu mtu aipe mgongo, achuchumae, ashike usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, asukume kwa miguu akirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Shemeji akafanya hivyo, ikainuka. Ugali ule haukuwa wa bure.

Kioo cha kulia kilikuwa na ufa, indiketa inaning'inia kwa waya, mkono wa breki umepinda, ekzosi imechubuka. Mzee alivitaja kimoja kimoja kwa sauti ya karani wa mahakama.

Mimi nashikilia kwamba nilikuwa nimeshaichagua kabla haijalala. Muulize yeyote. Kilichobaki ni bei, na hapo shemeji aling'aa. "Mzee," akasema, "bei uliyotaja ilikuwa ya pikipiki ambayo haijaanguka. Hii imeanguka. Sote tumeona." Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea, akapunguza kitu. Shemeji akadai kamisheni kwa upande wangu, na baadaye nikasikia kwamba alidai kwa mzee pia. Tukahamisha umiliki kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, fundi wa jua kali akaunyoosha mkono wa breki.

Na Kikopey tulienda. Kwenye barabara kuu ile kitu ni raha tupu: trela linapita, upepo unakupiga, yenyewe haina habari. Tuliegesha pua ikitazama mteremko, na kwa kuwa kruza haina gia ya kurudi nyuma, wachoma nyama wanne ndio walioivuta kutoka hapo. Bei yao ilizidi ya mbavu.

Shida iliyobaki ni lango letu. Liko upande wa kulia, na njia yenyewe ni nyembamba. Kwa hiyo kila jioni nalipita, naendelea nayo mpaka uwanja wa kanisa ambao ni mpana, nazunguka humo taratibu, natoka, narudi nyumbani lango likiwa kushoto. Mchungaji amekuwa akiniona. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya waumini akamtaja ndugu mmoja ambaye hakosi kupita nyumba ya Bwana hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe, na sasa niko kwenye kamati ya paa, na kadi ya mchango ninayo mfukoni.