Noti 15 za upepo wa ubavuni: ukomo au kumbukumbu ya jaribio?

Kitabu cha Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, kinataja noti 15, takribani kilomita 28 kwa saa, kuwa upepo wa ubavuni uliothibitishwa ndege ilipojaribiwa. Hakisemi kwamba ndio ukomo, na hapo ndipo marubani wanapogawanyika.

Wanaoifanya namba hiyo ukuta wana hoja. Upepo wa mikupuo hautulii: noti 16 zinazopanda hadi 26, zikikata njia ya kurukia na kutua ndege kwa digrii 40, ni noti 10 tu za ubavuni upepo ukipoa, lakini karibu 17 mkupuo ukifika. Anayekokotoa kwa namba ndogo anajidanganya.

Upande wa pili husema kinachoamua ni usukani wa mkiani. Laza bawa la upande wa upepo ili ndege isisukumwe nje ya mstari, kisha nyoosha pua kwa pedali ya upande wa pili. Pedali ikifika mwisho na pua bado inaufuata upepo, njia hiyo ya kutulia haikufai, tafuta nyingine. Kimaumbile hawa wako sahihi zaidi, ingawa kipimo chao kinamtaka rubani akubali jibu, na wengi wakishaiona njia mbele yao hawakubali.

Pande zote mbili, hata hivyo, huishia pale magurudumu yanapogusa, na ajali nyingi huanzia hapo. Kasi inashuka, usukani na aileroni (vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege) vinapoteza nguvu, upepo uko vilevile. Rubani anashusha pumzi, anarudisha aileroni katikati. Bawa la upande wa upepo linainuka, ndege inageukia upepo na kutoka njiani. Aileroni ziongezwe kuelekea upepo kadiri kasi inavyopungua, hadi mwisho wake. Pale ambapo gurudumu la pua limeungwa moja kwa moja na pedali, lishushwe pedali zikiwa katikati, la sivyo ndege hupinda ghafla.

Kuna pia kanuni ya kuongeza nusu ya tofauti kati ya upepo uliopoa na mkupuo kwenye kasi ya kukaribia kutua. Kwa upepo ule wa noti 16 hadi 26 ni noti 5. Inasaidia, lakini kasi ikitoka noti 65 hadi 70, nishati ya mwendo hupanda kwa asilimia 16: ndege huelea. Asiye na subira huisukuma chini, gurudumu la pua linatangulia, inadunda. Mdundo wa kwanza ukiwa mkubwa, tia nguvu zote za injini upae tena; usisubiri wa pili.