Wakikunyima fao usilie, jibu sababu waliyoandika

Mtu akinyimwa fao, yaani malipo ya hifadhi ya jamii, la ugonjwa au la kukosa kazi mara nyingi ananyamaza, au anaandika barua ndefu ya machozi, na mi naona yote mawili yanamrahisishia kazi aliyemnyima.

Rufaa sio kuombaomba jamani. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa tangu 1952, ibara ya 70, unasema wazi kwamba anayedai fao ana haki ya kukata rufaa akinyimwa. Sawa, sio nchi zote zimeuridhia, lakini kwa kawaida sheria za mafao huwa zina kipengele cha rufaa, kitafute.

Alafu soma ile barua ya kukunyima mpaka mwisho. Watu wakishaona "limekataliwa" wanaikunja, wakati sababu iko huko chini kwenye maneno magumumagumu ya kisheria. Kama wamesema michango yako haijatosha, kuwaelezea kodi ya nyumba na ada za watoto hakutaongeza mchango hata mmoja, wapelekee salari slipu zinazoonyesha ulikuwa unakatwa kila mwezi, ili kama bosi hakupeleka ijulikane ni nani wa kuulizwa.

Kwenye ugonjwa ndo wengi wanaangukia. Cheti cha daktari kinasema "anasumbuliwa na mgongo", basi, kimeishia hapo! Sasa anayesoma faili hajawahi kukuona na anajua wenye migongo mibovu wanaokwenda kazini kila siku wapo kibao. Jina la ugonjwa halimwambii huwezi kufanya nini. Muombe daktari aandike unaweza kukaa au kusimama kwa muda gani, unaweza kubeba nini, dawa zinakulevya kiasi gani, na kama ni ugonjwa wa kuja na kuondoka aseme siku mbaya zinakuja mara ngapi, maana ukienda kupimwa siku uliyoamka vizuri wataandika mzima. Na wakikuuliza unaendeleaje usijibu "nzuri tu" kwa adabu, itaingia kwenye ripoti hivyohivyo.

Kwenye kukosa kazi ugomvi mara nyingi ni kwamba uliacha mwenyewe. Huo mkataba wa ILO, ibara ya 69, unaruhusu fao lisimamishwe kwa aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu ya msingi, na hapo kwenye sababu ya msingi ndo pa kushika. Mabosi wana mchezo wao, anakuita ofisini anakwambia saini barua ya kujiuzulu uondoke kwa heshima, we unasaini ukijua umesitiriwa, kumbe karatasi hiyohiyo ndo inakuja kukufungia fao. Kama ulikuwa hulipwi, au ulitukanwa, au ulitishiwa kufukuzwa usiposaini, toa meseji, toa imeili, tafuta mwenzako aliyekuwepo aandike alichokiona. Kusema tu "nililazimishwa" bila kitu mkononi ni ngumu kumshinda mwajiri mwenye sahihi yako.

Muda nao ni mtego, siku zinaweza kuhesabiwa kuanzia tarehe ya barua na sio siku uliyoisoma. Hujakusanya ushahidi wote? Andika hata mistari mitatu kwamba unakata rufaa na vielelezo vinafuata, ipeleke ndani ya muda na ubaki na kopi iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba mtu ambaye hata kuinuka kitandani ni shida ndo anaambiwa azunguke kukusanya makaratasi, wakati waliomkatalia wamekaa na faili lake lote. Kwa hiyo omba nakala ya hilo faili, hasa ripoti ya daktari wao, uipitie mstari kwa mstari, na ukikuta wameandika ulipanda ngazi bila shida wakati chumba ulichopimiwa kilikuwa chini na hakukuwa na ngazi yoyote, rufaa yako ianzie hapo.