Mradi ukiisha, daftari linabaki kwa nani?

Katika kijiji kimoja cha Makete, mkoani Njombe, nilioneshwa daftari la mama mmoja, mhudumu wa kujitolea. Kila ukurasa una kaya yake: bibi na wajukuu wanne, nani anameza dawa, nani ameacha shule, nani hana sweta. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "uji umeisha". Kurasa za mwisho ni nyeupe. Nilipomuuliza mbona ameacha kuandika, alinijibu, "Mradi umeisha, mwanangu."

Huku Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kuzungumzia ustawi wa jamii bila kuzitaja asasi za kujitolea. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Nyuma ya takwimu hizo kuna yatima, na yatima hao wengi wamelelewa na bibi zao. Aliyegonga hodi kwa bibi mara nyingi alikuwa mtu wa asasi au wa kanisa, kwa sababu afisa ustawi mmoja hawezi kuizunguka milima yote ile.

Anayedai asasi zipo kwa ajili ya semina na posho tu, namwomba aende Iringa mjini, Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 chini ya Kanisa Anglikana. Mgahawani pale wahudumu ni viziwi. Unaandika unachotaka, chakula kinakuja. Vijana ambao wangefichwa uani wana kazi na mshahara. Sioni ofisi ya umma ambayo ingelibuni jambo hilo.

Lakini wanaozilaumu nao wana hoja nzito. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kazi zilizokuwa zikiegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003, zikayumba ndani ya wiki chache. Bibi wa Makete hakuulizwa. Na hapo ndipo kasoro ilipo: asasi inawajibika kwanza kwa anayeifadhili. Sheria ya asasi zisizo za kiserikali, Na. 24 ya 2002, inaitaka ipeleke taarifa ya mwaka serikalini, sawa, ila mwanakijiji hana mkutano wa kuisimamisha na kuihoji kama anavyoweza kumhoji diwani wake.

Je, serikali ibebe yote? Siamini. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inazifikishia kaya maskini fedha, na hilo ni jema, ila fedha haiketi na mtoto jioni kumuuliza kama amemeza dawa. Mfano mzuri tunao hapahapa: hospitali teule. Tosamaganga ilikuwa hospitali teule ya wilaya kwa miaka mingi, kanisa likiiendesha na serikali ikisaidia kulipa watumishi. Mfadhili akiondoka, muuguzi wa aina hiyo anabaki wodini. Kwa nini mhudumu wa kijiji asiwekewe mpango kama huo: asasi imfundishe na kumsimamia, halmashauri imlipe posho?

Najua jibu la wakurugenzi: mapato hayatoshi. Kwa halmashauri za milimani ni kweli. Lakini sheria tayari inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na zinatenga. Bibi wa miaka 70 hakopi. Hana kikundi, hana biashara. Ana wajukuu na kiraka cha viazi. Tumemtengea fungu anayeweza kurejesha, asiyeweza tumemwachia mfadhili.

Yule mama bado anazitembelea kaya tatu zilizo jirani, Jumapili akitoka ibadani, bila posho. Alilipeleka daftari ofisini kwa viongozi, akaambiwa hilo ni mali ya mradi, akalirudisha nyumbani. Ameliweka kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati, lisilowe.